Utabiri wa mvua: tuupime kwanza, kisha tujue namna ya kuutumia



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu, tukifika katika mikutano ya koperative za uwanda wa Ruzizi, swali moja linatungoja hata kabla hatujaketi: "Simu imesema nini juu ya mvua?" Msimu mmoja swali hilo lilikuja kwa uchungu. Mama mmoja, mtunza sanduku wa koperative ya mpunga, alisimama mbele ya wote akatuambia: "Bwana agronome, ile simu yenu ilisema milimita ine tu. Tukalala. Saa nane ya usiku mto ukatoka, ukaingia mpaka ku uwanja wa kuanikia, mupunga yote ikaenda. Sasa mutuambie, tuamini nini?"

Siku ile hatukuwa na jibu la maana. Sisi ndio tuliowafundisha wanachama kutazama utabiri katika simu. Hatukuwa tumewafundisha kuupima. Tuliwapa chombo bila kuwaambia kinakosea wapi, na mpunga wa watu ukalipa kosa hilo. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa yule mama.

Jambo lenyewe si dogo kwetu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, mvua kali ilishusha maji, udongo na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Mashamba yaliyolimwa miaka mingi yalifunikwa na mawe. Kwa hiyo tukisema utabiri wa mvua, hatusemi tu habari ya kujua kama tutatoka na mwavuli.

Mvua hainyeshi mahali mafuriko yanapotokea

Tuanze na mto wenyewe. Ruzizi yenyewe inatoka Ziwa Kivu na kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu ni kama tangi kubwa: mvua ikianguka ndani yake, maji yanapanda polepole na kutoka polepole. Tena kuna mabwawa ya umeme juu, Ruzizi ya Kwanza na ya Pili. Ndiyo maana Ruzizi haibadiliki ghafla sana.

Mito inayotuua usiku ni ile mifupi inayotoka magharibi, kwenye milima: Luberizi, Sange, Kiliba, Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Ziwa Tanganyika liko karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilele vya Itombwe vinapita meta 3,000. Maji yanashuka mteremko huo wote katika umbali mfupi. Mvua ikipiga juu mangaribi, mto unaweza kufika bondeni usiku huohuo, wakati kijijini hamkuona hata tone.

Hilo ni kosa la kwanza tunalofanya sisi, si kosa la simu. Tunatazama utabiri wa Uvira au wa Sange kwa sababu ndipo tunapoishi. Lakini mto hautoki Sange. Utazame utabiri wa eneo linalokusanya maji ya mto wako, yaani miteremko na vilima vyote ambavyo tone likianguka pale litakuja kupita kwako. Waulize wachungaji na watu wanaoshuka sokoni kutoka juu: mto wetu unaanzia vijiji gani? Hayo ndiyo majina ya kuweka katika simu.

Simu inasoma mraba, haisomi kilima chako

Utabiri katika simu unatoka kwenye modeli, yaani hesabu kubwa za kompyuta zinazofuata hewa, joto, upepo na unyevu wa dunia nzima. Mbili zinazojulikana sana ni ile ya Marekani inayoitwa GFS, na ile ya kituo cha Ulaya kinachoitwa ECMWF. Modeli hukata dunia katika miraba. Kwa GFS mraba una upana wa karibu kilometa 13. Kwa ile ya Ulaya karibu kilometa 9. Ndani ya kila mraba modeli inatoa namba moja tu ya mvua.

Sasa fikiri: mraba wa kilometa 9 kwa 9 ni kilometa za mraba 81. Katika ukubwa huo, kwetu mnaweza kuingia uwanda, mteremko na kilele kwa pamoja. Modeli ikisema milimita 4, inasema wastani wa mraba wote. Kama mvua yote ile imeanguka juu ya sehemu moja ya kumi, pale imepiga milimita 40. Na milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila meta ya mraba. Milimita 40 juu ya kilometa moja ya mraba ni lita milioni 40. Yule mama hakudanganywa kabisa: huenda ile 4 ilikuwa kweli kwa mraba, na ikawa uongo kwa mto wake.

Kuna tabia nyingine za modeli ambazo wataalamu wa nchi za joto wanazijua vizuri. Zinapenda kutoa mvua ndogondogo siku nyingi kuliko zinavyonyesha kweli. Mvua kubwa zinaipunguza. Tena mara nyingi zinaweka mvua mapema mno, karibu na mchana, wakati mvua yetu ya radi inapenda kuja jioni na usiku. Ongeza hapo kwamba vituo vya kupimia hali ya hewa ni vichache sana katika nchi yetu, basi hesabu inaanza ikiwa na macho machache.

Je, tutupe simu? Hapana. Mtu mwenye saa inayochelewa dakika kumi kila siku, akishajua hivyo, hakosi misa. Anayekosa ni yule asiyejua kwamba saa yake inachelewa. Kazi yetu ni kujua simu yetu inachelewa dakika ngapi.

Daftari la safu tano

Hakuna mtu wa Ulaya wala wa Kinshasa atakayepima utabiri kwa ajili ya mto Kiliba au Luberizi kama nyinyi wenyewe hamkupima. Na kazi haihitaji mashine. Inahitaji daftari la shule, kalamu, kipima mvua na mti wenye alama mtoni.

Kipima mvua kinaweza kuwa kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu wala chini, na rula ya mwanafunzi. Kina cha maji kwa milimita ndicho mvua kwa milimita. Kiweke kwenye nguzo, karibu meta moja juu ya udongo, mbali na nyumba na miti: kama mti una meta 5, kaa mbali nao meta 10. Ukisoma, mwaga maji. Chupa iliyobanwa katikati haifai, kwa sababu kina chake hakisemi ukweli.

Mtoni, simika mti imara au paka rangi kwenye nguzo ya daraja. Weka alama ya njano pale maji yanapoanza kutisha, na nyekundu pale yanapoanza kutoka. Msisogee karibu na mto usiku kwenda kusoma alama. Asubuhi, matope na majani yaliyobaki juu ya mti yataonyesha maji yalifika wapi.

Kisha gawanya ukurasa katika safu tano: tarehe, utabiri wa milimani kwa kesho, mvua katika kipima cha juu, mvua katika kipima cha bondeni, alama ambayo mto ulifika. Kwa kipima cha juu mnahitaji ndugu milimani. Koperative ya bondeni iliyokubaliana na koperative ya maharagi huko juu, kupigiana simu kila asubuhi, imeshinda mashine nyingi.

Kuna kanuni nne ambazo bila kuzifuata daftari litawadanganya.

Ya kwanza: andika utabiri jioni, kabla ya mvua, kwa kalamu, tena kutoka programu ileile kila siku. Programu inabadilisha namba zake mara nyingi kwa siku. Ukiandika kesho yake, utaandika kile unachojua tayari.

Ya pili: linganisha saa zilezile. Ukisoma kipima saa moja asubuhi, maji yaliyomo ni ya tangu jana saa moja asubuhi. Simu nyingi zinahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Jumlisha basi saa kwa saa katika simu, ama utahesabu mvua ya usiku kwenye siku isiyo yake.

Ya tatu: siku ambayo hapakuwa na kipimo, andika "hakuna kipimo". Usiandike sifuri. Huko juu mambo ya usalama yanajulikana. Kuna siku watu wanakimbia, kuna siku hakuna mtandao. Sifuri ni habari, inasema haikunyesha. Kukosa kipimo ni jambo lingine.

Ya ine: tenga utabiri wa kesho na ule wa siku tano mbele. Ule wa kesho unaweza kuwa mzuri na ule wa siku tano usifae kitu kwa mto mfupi. Kila mmoja una ukurasa wake.

Na wazee? Wanasema wingu likikaa namna fulani juu ya mlima, mto utakuja. Tunawaheshimu wazee wetu kwa kuwawekea safu ya sita. Jioni andika pia kile mzee alichosema, kisha mpime kwa kipimo kilekile cha simu. Ishara ya kweli itaonekana katika daftari, na watoto watairithi ikiwa imeandikwa.

Asilimia 90 inayodanganya

Mwisho wa msimu, hesabuni siku katika visanduku vinne. Kisanduku cha kwanza: simu ilionya, mto ukafika alama nyekundu. Cha pili: simu ilionya, mto haukuja, hilo ni onyo la bure. Cha tatu: simu ilinyamaza, mto ukaja, hilo ndilo lililomkuta yule mama. Cha ine: simu ilinyamaza, na mto ukalala.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme siku 100 za msimu B. Mto ulifika nyekundu siku 10. Simu ilionya siku 12: mara 6 ilipata, mara 6 ilikuwa bure. Mara 4 mto ulikuja bila onyo. Siku 84 zilizobaki zilikuwa kimya pande zote. Simu ilisema kweli siku ngapi? 6 na 84, ni 90 kwa 100. Mtu wa kuuza programu atakuambia: "Asilimia 90 ya ukweli!"

Sasa mweke jirani yako mvivu ambaye kila jioni anasema, "Kesho mto hauji." Naye atapata siku 90 kwa 100, bila simu wala kompyuta. Wote wawili wana asilimia 90. Lakini simu iliwaonya mara 6 kati ya 10, na yule mvivu hakuonya hata mara moja.

Mtego huu ni wa zamani. Mwaka 1884 huko Marekani, askari mmoja aitwaye Finley alitangaza matokeo ya utabiri wake wa vimbunga: katika utabiri 2,803, ulikuwa sahihi zaidi ya asilimia 96. Wenzake wakaonyesha kwamba kama angesema kila siku "hakuna kimbunga", angepata zaidi ya asilimia 98. Tangu hapo wapimaji wa utabiri wanajua kwamba jambo likiwa la nadra, asilimia ya jumla haisemi kitu.

Kwa hiyo ulizeni maswali mawili tu. Katika siku za hatari, simu ilituonya mara ngapi? Katika mfano wetu, 6 kwa 10. Na ilipotuonya, mto ulikuja mara ngapi? 6 kwa 12, yaani nusu. Namba hizo mbili ndizo sura ya kweli ya utabiri wenu.

Kosa moja halina bei sawa na lingine

Sasa tunafika kwenye mfuko. Onyo la bure linatuchosha. Mafuriko bila onyo yanatumaliza. Makosa hayo mawili hayana bei moja, basi tusiyahesabu kama ndugu.

Tuseme kubeba mifuko yote hadi depo ya juu ni faranga 50,000 za wabebaji. Tuseme mto ukikuta mifuko bado chini, mnapoteza mpunga wa faranga 1,000,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: ni moja kwa 20. Maana yake, kubeba kunalipa kama nafasi ya mto kuja inapita moja kwa 20. Simu yenu, ikionya, inapata nusu ya mara. Bebeni! Hata mkibeba mara zote 12, mmelipa 600,000. Mto ukija mara moja tu, ungechukua milioni nzima.

Lakini kazi nyingine zina bei tofauti. Kukata mpunga ambao haujakomaa kunaweza kula sehemu kubwa ya mavuno. Hapo nafasi ya moja kwa 20 haitoshi; ngojeni onyo lenye nguvu zaidi. Kila kazi ina mstari wake. Andikeni orodha: shitingi, mifuko, mbegu, mashine ya kukoboa, mifugo. Mbele ya kila kimoja wekeni gharama ya kukihamisha na hasara ya kukipoteza.

Pia mnaweza kusogeza namba ya onyo. Kama daftari linaonyesha kwamba kila mara mto ulipofika nyekundu simu ilikuwa imesema milimita 10 hadi 15 kwa milimani, basi kwenu 10 ndiyo namba ya hatari, hata kama vitabuni ni mvua ya kawaida. Tazameni pia upande wa pili: siku ngapi simu ilisema 10 na mto haukusogea? Mkishusha namba mtakamata mafuriko mengi na kupata maonyo mengi ya bure. Mkipandisha, kinyume chake. Koperative inachagua, kwa kujua bei.

Programu zingine zinaonyesha asilimia. Kituo cha Ulaya kinarudia hesabu yake mara 51, kila mara kikibadili kidogo mahali pa kuanzia. Kama hesabu 10 zinatoa mvua kubwa, ni karibu asilimia 20. Wengi wanasoma asilimia 20 kama "hapana". Rudini kwenye mifuko: mstari wenu ulikuwa moja kwa 20, yaani asilimia 5. Asilimia 20 imeshaupita mara ine. Na namna ya kupima asilimia ni rahisi: kusanya siku zote zilizoandikwa 20, uone kama kweli katika kila siku 10 mvua ilikuja karibu mara mbili.

Kwa roho za watu hatufanyi hesabu hii. Mtu anayelala kando ya mto wa mlima ahame anaposikia onyo, hata kama ni la kumi na yote tisa yalikuwa bure. Mkisikia mvurumo juu, au maji ya mto yakigeuka matope ghafla, ondokeni palepale, msingoje simu. Na maonyo ya METTELSAT, ya serikali na ya redio yanabaki juu ya daftari lenu. Daftari linasaidia, halichukui nafasi ya onyo rasmi.

Neno moja kwa walio kando ya ziwa. Maji ya Ziwa Tanganyika yaliyoingia majumbani mwaka 2024 hayakutoka kwenye mvua ya usiku mmoja. Ziwa linapanda kwa miezi na miaka. Utabiri wa kesho hautawasaidia hapo; wekeni alama ya ziwa, isomeni kila juma, na msipande mazao ya muda mrefu chini ya alama ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa.

Tufanye nini msimu huu

Chagueni watu wawili wa daftari, si mmoja, ili mmoja akiugua kazi isikatike. Mmoja awe kijana anayejua simu, mwingine mtu mzima anayejua mto. Tafuteni ndugu wa milimani na mkubaliane nani analipa vocha. Katika mkutano wa kila mwezi, someni visanduku vinne kwa sauti mbele ya wanachama. Na katika bajeti ya koperative wekeni mstari mmoja: "kubeba bure". Ndiyo, bure. Maonyo ya bure ni sehemu ya gharama, kama vile tunavyolipa mlinzi wa depo hata miaka ambayo mwizi hakuja.

Ile koperative ya yule mama sasa ina daftari. Msimu uliofuata walibeba mifuko mara mbili, na mara mbili mto haukuja. Vijana wakaanza kucheka: "Mama anakimbia kivuli." Mara ya tatu, jioni, simu ikasema milimita 11 kwa milimani. Mama akafungua daftari, akaonyesha kwa kidole siku ambazo simu ilisema 11, na alama ambayo mto ulifika kila siku. Halafu akasema tu: "Mwenye kucheka acheke akiwa na mufuko ku kichwa."

Wakabeba.